Gost_avg ni Nini? Mwongozo Kamili wa Kusimamia Data ya Turbaini za Upepo kwa Ontolojia

Kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, katika mkoa wa Meuse, kuna shamba dogo la upepo liitwalo La Haute Borne. Lina turbaini nne aina ya Senvion MM82, kila moja ikiwa na uwezo wa kilowati 2,050, na kampuni ya ENGIE iliiweka data yake hadharani ili yeyote aitumie. Ukilifungua faili unakuta mstari mmoja kwa kila dakika kumi, na juu kabisa majina ya safu: P_avg, Ba_avg, Rbt_avg, Db1t_avg, Gost_avg.

Gost_avg ni nini? Ni joto la mafuta yaliyotuama chini ya giaboksi, pale mafundi wanapopaita sampu. Wastani wa dakika kumi. Kwa nyuzi za Selsiasi. Angalia kilichomo kwenye jina na kisichokuwemo. Kizio hakimo. Dakika kumi hazimo. Turbaini yenyewe imo kwenye safu nyingine. Vyote hivyo vinakaa kwenye kamusi ya data, yaani faili la pembeni ambalo kompyuta hailisomi, na mara nyingi zaidi vinakaa kichwani mwa mtu mmoja.

Nimewahi kurithi programu ya kusoma data ya mitambo ambamo kulikuwa na mstari mmoja unaogawa safu ya joto kwa kumi. Hakuna maelezo, na aliyeuandika alishahama kazi. Tulikaa siku tatu tukibishana kama tuufute au tuuache. Mwishowe tukagundua kwamba kidhibiti cha mtambo kilikuwa kinatuma joto kama namba kamili, 653 badala ya 65.3, kwa sababu itifaki ya Modbus hubeba namba kamili kwa urahisi. Siku tatu za watu wawili, kwa jambo ambalo lingeandikwa mara moja kwa sentensi moja.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiandika sentensi hiyo mahali ambapo mtu na mashine wote wanaisoma. Mahali hapo ndipo panaitwa ontolojia. Tutatumia data halisi mbili: ya La Haute Borne, na ya Kelmarsh, shamba la Uingereza lenye turbaini sita za Senvion MM92, ambalo data yake iliwekwa kwenye hazina ya Zenodo mwaka 2022 na kampuni ya Cubico. Unachohitaji ni kompyuta ya kawaida, Python, na Protégé, programu ya bure ya kujengea ontolojia kutoka Chuo Kikuu cha Stanford.

Kwanza, ontolojia yenyewe

Msemaji wa Kiswahili anaijua ontolojia kabla hajaisoma, kwa sababu anaishi na ngeli. Ukisikia "kiti umevunjika", sikio linakataa kabla hujatafuta sababu. Ngeli imekwisha kukuambia kiti ni cha kundi gani na kundi hilo linapatana na viambishi vipi. Ontolojia ya data inafanya kazi hiyohiyo: inaeleza kuna makundi gani ya vitu, kila kundi linahusiana vipi na mengine, na kila kitu cha kundi fulani hakikosi kuwa na nini. Giaboksi ni sehemu ya turbaini. Mkondo wa data haukosi kizio. Joto halipimwi kwa kilowati.

Taarifa zenyewe zinaandikwa kwa sentensi za vipande vitatu: kiima, kitenzi, yambwa. "Giaboksi hii | ni sehemu ya | turbaini R80711." Mfumo huo unaitwa RDF. Lugha ya kuelezea makundi na kanuni zake inaitwa OWL, iliyopitishwa mwaka 2004 na W3C, shirika la viwango vya wavuti, na toleo lake la pili likatoka 2009. Kuuliza maswali kunafanywa kwa SPARQL. Hizo tatu zinatosha kuanzia, na ya nne, SHACL, tutakutana nayo kwenye ukaguzi.

Hatua ya 1: Andika maswali kabla ya kuchora chochote

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni mtu kufungua Protégé siku ya kwanza na kuanza kuorodhesha kila kilichomo ndani ya turbaini, hadi boliti za mnara. Baada ya miezi miwili ana makundi mia nne na hawezi kujibu swali hata moja la fundi.

Anza kwa fundi. Kaa naye, muulize ni nini anachokitafuta kwenye data kila asubuhi, kisha andika kwa maneno yake. Haya ndiyo tutakayotumia hapa:

1. Nipe joto la mafuta ya giaboksi la turbaini zote, za mashamba yote mawili, kwa saa ileile.
2. Turbaini ipi inazalisha kidogo ikilinganishwa na wenzake wa modeli ileile?
3. Kishale cha upepo cha turbaini gani kimeganda, yaani kinatoa namba moja bila kubadilika wakati upepo unavuma?
4. Kihisi kilichotoa usomaji huu kilifungwa lini?

Maswali kumi yanatosha kabisa kwa toleo la kwanza. Kila kundi na kila uhusiano utakaoongeza baadaye uutetee kwa kuonyesha swali linaloudai. Usipoliona swali, usiuongeze.

Hatua ya 2: Hesabu mikondo yako

Mkondo ni mfululizo wa namba za sifa moja, ya kitu kimoja, kwa takwimu moja, kwa kipindi kimoja. Kwa hiyo Gost_avg na Gost_max za turbaini moja ni mikondo miwili. Fungua jedwali la kawaida na kwa kila mkondo jaza: jina lake kwenye chanzo, turbaini, sehemu ya turbaini, sifa inayopimwa, kizio, takwimu, kipindi, ukanda wa saa, na kama alama ya muda inaonyesha mwanzo au mwisho wa kipindi. Hilo la mwisho linasahauliwa sana, nalo likikosewa linasogeza data yote kwa dakika kumi.

Kazi hii inachosha, na hakuna njia ya mkato. Lakini ndipo utakapogundua mambo. La Haute Borne inaweka alama kwa kila takwimu: _avg, _min, _max, _std. Kelmarsh inaandika majina ya safu kwa Kiingereza kamili pamoja na kizio, na safu ya wastani haina alama yoyote. Ni kiwango cha juu, kiwango cha chini na mkengeuko sanifu tu vinavyotajwa. Asiyejua atadhani safu isiyo na alama ni usomaji wa papo hapo.

Saa nazo. Sisi tuliozoea kusema saa mbili asubuhi huku simu ikionyesha 08:00 tunajua kwamba namba ya saa bila mapatano haimaanishi kitu. La Haute Borne inaandika muda pamoja na tofauti yake na UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia: +01:00 majira ya baridi na +02:00 majira ya joto. Kelmarsh inatumia UTC mwaka mzima. Ukiikata ile tofauti ili tarehe zikae vizuri kwenye jedwali, usiku mmoja wa mwisho wa Oktoba utapata mistari sita iliyojirudia kwa kila turbaini, kwa sababu saa moja ya usiku huo inapigwa mara mbili.

Hatua ya 3: Azima msamiati uliopo

Usivumbue kilichokwisha kuvumbuliwa. Kwa vihisi na usomaji, tumia SOSA, msamiati wa W3C na OGC uliopitishwa Oktoba 2017. Una maneno unayohitaji: kihisi, sifa inayopimika, kitu kinachopimwa, usomaji. Kwa vizio tumia QUDT, ambamo nyuzi za Selsiasi, kilowati na mita kwa sekunde tayari zina anwani zake na hata namba za kubadilishia kutoka kizio kimoja kwenda kingine.

Kwa sehemu za turbaini kuna viwango viwili vya tasnia. IEC 61400-25, kilichotoka kwa mara ya kwanza 2006, kinagawa turbaini katika vifundo vya kimantiki: WROT ni rota, WTRM ni mfumo wa kuhamisha mzunguko ambamo giaboksi imo, WGEN jenereta, WYAW mfumo wa kuigeuza turbaini ielekee upepo, WMET hali ya hewa. RDS-PP nayo ni mfumo wa namba za vifaa unaotumiwa sana na watunzaji wa mitambo Ulaya: MDA ni rota, MDK mfumo wa kuhamisha mzunguko, MKA jenereta. Ushauri wangu ni kutoa majina yako mwenyewe kwa makundi, kisha kuyaunganisha na vyote viwili. Mkataba wa matengenezo utakuja na namba za RDS-PP, mfumo wa kusimamia mitambo utakuja na vifundo vya IEC, nawe utakuwa na daraja katikati.

Na andika lebo za Kiswahili. RDF inaruhusu kila kitu kuwa na lebo kwa lugha yoyote kwa kuongeza alama kama @sw au @fr. Fundi anayefanya kazi kwa Kiswahili asome "joto la mafuta ya giaboksi" kwenye skrini yake, na mwenzake wa Ufaransa asome kwa Kifaransa, huku data ikibaki ileile.

Hatua ya 4: Jenga kiini kidogo

Kwa maswali yetu manne, makundi yanayohitajika hayazidi nane: Shamba, Turbaini, Modeli, Sehemu, Kihisi, Sifa, Takwimu na Mkondo. La mwisho ndilo moyo wa kazi yote. SOSA ya 2017 ina usomaji mmoja mmoja lakini haina neno la mkondo mzima, kwa hiyo hili tunalitunga wenyewe.

Mkondo mmoja wa La Haute Borne unaandikwa hivi:

```
@prefix u:    <https://example.org/upepo#> .
@prefix qudt: <http://qudt.org/schema/qudt/> .
@prefix unit: <http://qudt.org/vocab/unit/> .
@prefix rdfs: <http://www.w3.org/2000/01/rdf-schema#> .
@prefix xsd:  <http://www.w3.org/2001/XMLSchema#> .

u:R80711 a u:Turbaini ;
    u:modeli u:SenvionMM82 ;
    u:shamba u:LaHauteBorne .

u:R80711-giaboksi a u:Giaboksi ;
    u:sehemuYa u:R80711 .

u:m-R80711-Gost_avg a u:Mkondo ;
    rdfs:label "Joto la mafuta ya sampu, R80711"@sw ;
    u:waKitu u:R80711-giaboksi ;
    u:waSifa u:JotoLaMafutaYaSampu ;
    u:takwimu u:Wastani ;
    u:kipindi "PT10M"^^xsd:duration ;
    qudt:hasUnit unit:DEG_C ;
    u:jinaLaChanzo "Gost_avg" .
```

Soma kwa sauti na utaona ni Kiswahili cha kawaida chenye alama za kukata sentensi. Hakikisha jina la chanzo linabaki lilivyo, herufi kwa herufi. Siku mtengenezaji atakapobadilisha programu yake na safu ikaitwa jina jipya, utagusa mstari huo mmoja tu.

Modeli nayo ibebe sifa zake. MM82 ina rota yenye kipenyo cha mita 82, MM92 ina mita 92, na zote mbili zina uwezo uleule wa kilowati 2,050. Eneo linalofagiwa na mapanga ni kama mita za mraba 5,281 kwa ya kwanza na 6,648 kwa ya pili, tofauti ya karibu asilimia 26. Upepo ukiwa wa wastani, MM92 itatoa umeme mwingi zaidi bila MM82 kuwa na ugonjwa wowote. Swali letu la pili lilitaja wenzake wa modeli ileile kwa sababu hiyo, na bila modeli ndani ya ontolojia swali hilo litazitia hatiani turbaini nzima za Ufaransa.

Hatua ya 5: Linganisha safu kwa safu, na usilazimishe

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu zaidi.

Gost_avg ya La Haute Borne, kwa mujibu wa kamusi yake, ni joto la mafuta ya sampu. Kelmarsh ina safu ya joto la mafuta ya giaboksi, basi. Haisemi yanapimwa wapi. Je, ni kitu kimoja? Ukiandika kwamba ni kimoja, umeongeza habari ambayo hukupewa. Ukiandika kwamba ni viwili visivyohusiana, swali la kwanza halijibiki. Njia ya haki ni ngazi: JotoLaMafutaYaGiaboksi ni dhana pana, JotoLaMafutaYaSampu ni dhana finyu chini yake. Mkondo wa Kelmarsh uelekeze kwenye ile pana, wa La Haute Borne kwenye ile finyu. Anayeuliza kwa upana anapata yote, anayeuliza kwa ufinyu anapata kile tu kilichothibitishwa. Ngazi hiyo inaandikwa kwa SKOS, msamiati wa W3C wa kupanga dhana:

```
u:JotoLaMafutaYaSampu skos:broader u:JotoLaMafutaYaGiaboksi .
```

La pili ni beringi za jenereta. La Haute Borne inaziita ya 1 na ya 2, kupitia Db1t na Db2t. Kelmarsh inaziita ya mbele na ya nyuma. Kishawishi cha kuandika kwamba 1 ni ya mbele ni kikubwa, na huenda ni kweli, ila kamusi haisemi. Acha 1 ibaki 1. Zote ni beringi za jenereta, na hilo linatosha kwa swali lolote linalohitaji joto la juu kati ya hizo mbili. Siku utakapopata mchoro wa mtengenezaji, utaongeza sentensi moja. Alama ya OWL ya kusema vitu viwili ni kimoja, owl:sameAs, ni nzito kuliko inavyoonekana: ukishaiandika, kila kinachojulikana kuhusu kimoja kinahamia kwa kingine, makosa pamoja.

La tatu ni pembe ya mapanga. Upande wa Ufaransa kuna Ba, pembe moja kwa turbaini. Upande wa Kelmarsh kuna tatu, A, B na C, moja kwa kila panga. Kwa hiyo Ba ni ya kitu kiitwacho rota, na zile tatu ni za vitu viitwavyo panga, ambavyo ni sehemu za rota. Uhusiano wa sehemuYa unabeba tofauti hiyo bila shida.

Na la nne, pembe za upepo. Chukua tatu za La Haute Borne: Ya ni mwelekeo wa chumba cha mitambo kilicho juu ya mnara, Va ni mkengeuko wa kishale cha upepo kutoka mwelekeo huo, Wa ni mwelekeo wa upepo wenyewe kwa dira. Wa ni jumla ya hizo mbili ndani ya mzunguko wa nyuzi 360: Ya ikiwa 350 na Va ikiwa 15, Wa ni 5. Kwa hiyo Va peke yake haikuambii upepo unatoka wapi, ingawa zote tatu zina kizio kilekile cha nyuzi. Kizio hakitoshi kueleza maana. Sifa ndiyo inayoeleza.

Hapo hapo weka kundi dogo, SifaYaMzunguko, na uzitie Ya na Wa ndani yake. Sababu ni hii: wastani wa kawaida wa nyuzi 350 na nyuzi 10 ni 180, kusini kabisa, wakati upepo ulikuwa unatoka kaskazini. Programu inayokokotoa wastani wa saa nzima iulize kwanza kama sifa imo kwenye kundi hilo, na ikiwemo itumie wastani wa mzunguko, kwa saini na kosaini. Mchambuzi mpya hatahitaji kukumbuka. Kwangu mimi kundi hilo moja linahalalisha kazi yote ya ontolojia.

Hatua ya 6: Usimwage namba ndani ya grafu

Chukua turbaini moja yenye vipimo 100, kila kimoja na takwimu nne, kila dakika kumi. Siku ina vipindi 144, kwa hiyo ni namba 57,600 kwa siku. Ukiiandika kila namba kama usomaji kamili wa SOSA, yaani aina yake, kihisi, kitu, sifa, muda na thamani, unapata sentensi sita kwa namba moja: 345,600 kwa siku kwa turbaini. Sasa fikiria shamba la Ziwa Turkana kule Marsabit, lenye turbaini 365. Ni zaidi ya sentensi milioni 126 kwa siku, na nyingi zinarudia kwamba giaboksi ni giaboksi.

Maana hubadilika mara chache; namba hubadilika kila dakika. Zitenganishe. Ontolojia na maelezo ya mikondo vikae kwenye hifadhi ya RDF, kwa mfano Apache Jena Fuseki. Namba zikae kwenye kanzidata ya mfululizo wa muda kama TimescaleDB au InfluxDB, katika jedwali lenye safu tatu tu: kitambulisho cha mkondo, muda kwa UTC, thamani. Kitambulisho hicho ndicho kilekile kilichomo kwenye grafu. Hicho ndicho kiungo pekee kati ya pande mbili, kwa hiyo kisibadilike kamwe.

Kwa data inayofika moja kwa moja kutoka mtamboni, weka kipokezi kidogo kati ya itifaki inayoileta, kama OPC UA au MQTT, na kanzidata. Kazi yake ni kusoma jina la chanzo, kulitafuta kwenye orodha iliyotolewa na grafu, na kuipa namba kitambulisho cha mkondo. Orodha hiyo ipakiwe kwenye kumbukumbu programu inapoanza, maana kuiuliza grafu kwa kila namba kutaufanya mkondo usimame. Jina lisilojulikana lisitupwe wala lisikisiwe: lipelekwe kwenye foleni ya pembeni na mtu aarifiwe.

Kuna lugha za kuuliza grafu na mikondo kwa pamoja, kama C-SPARQL na CQELS. Ni kazi nzuri ya kitaaluma, lakini kwa shamba linalotoa data kila dakika kumi sioni sababu ya kuanzia huko.

Hatua ya 7: Kagua upatanisho

OWL ina tabia inayowashangaza wengi. Ukiandika kwamba kila mkondo una kizio, kisha ukaongeza mkondo bila kizio, OWL haitalalamika. Itachukulia kwamba kizio kipo, ila bado hakijatajwa. Inafaa kwa mantiki. Kwa ghala la data ni hatari. Ndiyo maana ikaja SHACL mwaka 2017, inayosema wazi: kisipoandikwa, ni kosa.

```
u:UmboLaMkondo a sh:NodeShape ;
    sh:targetClass u:Mkondo ;
    sh:property [ sh:path qudt:hasUnit ;
                  sh:minCount 1 ; sh:maxCount 1 ] ;
    sh:property [ sh:path u:takwimu ;
                  sh:minCount 1 ; sh:maxCount 1 ] ;
    sh:property [ sh:path u:waKitu ;
                  sh:minCount 1 ; sh:maxCount 1 ] .
```

Endesha ukaguzi huu kwa maktaba ya pySHACL kila mara faili la ontolojia linapobadilishwa, na lisipopita lisiingie kwenye seva. Ongeza na umbo la kukataa joto lenye kizio cha nguvu. Hilo ndilo "kiti umevunjika" la data, na sasa mashine ina sikio la kulisikia.

Ukaguzi wa namba zenyewe ni jambo jingine na unafanyika upande wa kanzidata. Ila ontolojia inauongoza. Swali la tatu, kishale kilichoganda: iulize grafu mikondo yote yenye sifa ya mkengeuko wa kishale, kisha kwenye kanzidata tafuta iliyorudia thamani ileile kwa vipindi kadhaa mfululizo wakati kasi ya upepo ya turbaini hiyohiyo haikuwa sifuri.

Hatua ya 8: Uliza

Swali la kwanza la fundi sasa linaandikwa hivi, na halitaji jina la safu hata moja:

```
SELECT ?mkondo ?turbaini WHERE {
  ?mkondo a u:Mkondo ;
      u:waSifa/skos:broader* u:JotoLaMafutaYaGiaboksi ;
      u:waKitu/u:sehemuYa* ?turbaini ;
      u:takwimu u:Wastani .
  ?turbaini a u:Turbaini .
}
```

Alama ya nyota baada ya skos:broader inapanda ngazi zote, kwa hiyo sampu ya Ufaransa na mafuta ya Kelmarsh vinakuja pamoja. Utapata mikondo kumi, minne na sita. Ukipata kumi na minne, huenda uliiweka safu ya Git ya La Haute Borne, joto la kuingilia giaboksi, chini ya dhana hiyohiyo. Itoe, kwa sababu kamusi haikusema ni joto la mafuta, na kwa vyovyote ni mahali pengine pa kupimia. Vitambulisho hivyo kumi unavipeleka kwenye kanzidata, kwa lugha ya SQL, kuchukua namba za saa uitakayo.

Viwango vya tahadhari navyo vifungwe kwenye modeli ndani ya grafu, kwa namba zilizomo kwenye kitabu cha mtengenezaji, wala visifichwe ndani ya programu. Anayefanya kazi Kenya ataliona hili haraka. Ziwa Turkana inatumia Vestas V52 za kilowati 850, na Kipeto kule Kajiado ina turbaini 60 za GE. Timu moja ikipewa data za mashamba hayo, kiwango kimoja kilichoandikwa kwenye programu kitakuwa sahihi kwa upande mmoja na uongo kwa upande mwingine.

Hatua ya 9: Tunza

Kihisi cha joto kinapoharibika na kingine kikafungwa, mkondo ni uleule lakini kihisi ni kingine. Kwa hiyo usiwahi kuandika kihisi na mkondo kama kitu kimoja. Andika ufungaji kama tukio lenye kihisi, mkondo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Joto likiruka nyuzi nne siku moja, jambo la kwanza kuuliza ni kama kuna ufungaji wa siku hiyo, na swali la nne linajibika kwa sekunde moja badala ya kupekua daftari za mafundi.

Weka faili la ontolojia kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, kama unavyoweka programu, lipe namba ya toleo, na mabadiliko yapitiwe na watu wawili, mmoja awe fundi wa mitambo. Kitu kisichotumika tena kitiwe alama ya kwamba kimeachwa, kisifutwe, kwa sababu data ya zamani bado inakitaja.

Hatua ya 10: Jaribu kwa shamba la tatu

Pamoja na Kelmarsh, data ya shamba la Penmanshiel la Scotland nayo iliwekwa Zenodo. Lina turbaini 14 za Senvion MM82 na majina ya safu yanafanana na ya Kelmarsh. Liongeze. Hupaswi kugusa kundi lolote wala swali lolote; unaongeza turbaini, sehemu zake na mikondo yake tu, kazi ya asubuhi moja kwa programu fupi ya Python na maktaba ya rdflib. Kisha rudia swali la Hatua ya 8 bila kubadilisha herufi. Jibu linapaswa kuwa mikondo 24. Ukipata 25, programu yako imehesabu kutoka 1 hadi 15 bila kusoma orodha: turbaini za Penmanshiel zimepewa namba hadi 15, lakini namba 3 haipo.